Filamu Niliyoikatiza Panda

Ipo Jumapili moja ya ujana wangu ambayo kwa zaidi ya miaka arobaini sikuweza kuikumbuka bila uso kuniwaka. Leo, mwanangu, naweza kuisimulia nimekaa vizuri kitini, kikombe cha chai mkononi. Ndiyo sababu naiandika sasa na si mapema. Mtu hasimulii kidonda ambacho bado kinatoa usaha.

Kwanza umjue anayekuambia. Mimi ni Kabeya, mtoto wa kambi ya wafanyakazi ya Panda, hapa Likasi. Baba yangu aliandikishwa kazi ya shaba akiwa kijana, akatoka Kasai na sanduku moja la bati, na alikufa hajui kusoma hata jina lake. Mimi nina diploma mbili za uhandisi wa umeme, zote za Ubelgiji, ziko ndani ya fremu sebuleni. Ukija kwangu utaziona kabla hujaniona mwenyewe. Hakuna mjomba aliyenisomesha wala mkubwa aliyeniandikia barua ya kunipendekeza. Mchana niliosha vyombo mgahawani, jioni nikaingia darasani, kisha nikafanya kazi ya uhandisi miaka thelathini katika nchi ya watu, nikarudi nyumbani kwa miguu yangu na kwa hiari yangu. Umeme ukikatika mtaa mzima, kwangu taa zinawaka, kwa sababu mitambo ya jua niliifunga kwa mikono hii. (Umeme wenyewe unazaliwa kwenye bwawa la Koni, karibu yetu kabisa, halafu unatupita juu ya vichwa kwenda kwingine. Hayo tuyaache.) Nakueleza haya ili ujue kwamba mtu anaweza kuwa na yote hayo na bado akawa na neno moja lililomkaa kooni kama mfupa wa samaki.

Zamani kambini tulikuwa na ukumbi, sisi tuliuita sale, kama Wafaransa. Kila Jumapili saa tisa alasiri madirisha yalizibwa kwa mablanketi ya kijivu, shuka jeupe likatundikwa ukutani, na mashine ya filamu ikaanza kunguruma. Tuliletewa filamu za wapanda farasi wenye bastola, za watu wa panga, na zile za mapenzi ambazo watu wanavuta sigara na kuongea hadi mwisho bila hata mmoja kupigwa kofi. Zote zilisema Kifaransa. Na wazazi wetu, mwanangu, Kifaransa chao kilikuwa cha amri za kazini: beba, shusha, harakisha. Ungewaweka mbele ya filamu ya mapenzi wangeona midomo tu inachezacheza.

Ndipo alipokuja Papa Mwepu. Siku sita za juma alikuwa dereva wa kreni kiwandani. Siku ya saba alisimama kushoto kwa shuka, mkononi ana kipaza sauti alichokikunja mwenyewe kwa bati, na kuisema filamu kwa Kiswahili chetu cha Katanga tangu mwanzo hadi mwisho. Hakutafsiri neno kwa neno. Aliwapa watu wa kwenye filamu majina ya kwetu. Akitokea mtu mbaya alituonya mapema: “Mutazame ule mwenye kofia. Anacheka, lakini roho yake iko mweusi kama chungu.” Farasi akianguka, aliomboleza kama amefiwa. Wanawake walikuja na karanga zao na watoto mgongoni, na hawakusema wanakwenda kuona filamu. Walisema wanakwenda kumsikia Mwepu.

Alikuwa na desturi moja ambayo sisi vijana tuliicheka. Kila Jumamosi, baada ya kazi, mwendesha mashine alimfungulia ukumbi akamwonyesha filamu yote, peke yake, kabla ya sisi kuiona. Tulidhani ni upendeleo. Tulisema mzee anapenda vya bure.

Mwaka huo nilikuwa na miaka kumi na saba, mwanafunzi wa mapadri, wa kwanza darasani kwa Kifaransa. Imla niliandika bila kosa hata la nukta. Wenzangu walinibandika jina la Kamusi, na mimi nililipenda kuliko jina la ubatizo. Kichwa kilikuwa kimejaa, na wahenga wamekwisha kusema kwamba mdomo huponza kichwa.

Jumapili ninayokuambia ililetwa filamu ya nchi ya baridi, nyeusi na nyeupe, ya wachimba makaa ya mawe. Tulitulia kuliko siku zote, maana kazi ile tuliijua. Zile kofia, yale mabehewa, zile nyuso zilizopakwa masizi, vyote vilikuwa kama vyetu, isipokuwa ngozi iliyokuwa chini ya masizi. Katikati ya filamu shimo likaporomoka. Mke wa mchimbaji mmoja akakimbia hadi kwenye lango la mgodi, nywele wazi, akasimama kwenye matope akimngoja mumewe. Akatoka mkubwa wa kazi, amevaa koti refu, akaja kumpa habari.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penyewe. Benchi la tatu alikuwa amekaa Mama Kalenga. Alikuwa mwanamke kijana, hajafika miaka thelathini, na mumewe alikuwa amekufa kazini majuma machache tu nyuma, ameanguka kutoka juu. Midomo ya kambi, ambayo haikosi chakula, ilikuwa imeanza kusema kwamba marehemu alipanda akiwa amekunywa lutuku, ile pombe kali ya kupika nyumbani. Hakuna aliyeona. Lakini neno lilikuwa linatembea nyumba hadi nyumba, na mjane alijifungia ndani. Siku hiyo dada zake walimshawishi atoke, abadilishe hewa kidogo, akamsikie Mwepu.

Kwenye shuka, yule mkubwa wa kazi alimwambia mwanamke kwamba mumewe alikuwa mlevi, na kwamba kifo kile alijitakia mwenyewe. Kifaransa chake kilikuwa wazi kama maji. Lakini Papa Mwepu aliinua bati lake, akasema taratibu: “Anasema, mama, bwana yako alikufa mwanaume. Alishika muti ya mugodi na mabega yake, benzake bakatoka.”

Nikasimama. Mwanangu, hakuna aliyenituma. Nilisimama kwa sababu nilijua jambo ambalo wengine hawakulijua, na nilitaka wajue kwamba ninalijua.

“Papa Mwepu, si vile,” nikasema kwa sauti ya ubaoni. “Ule chefu anasema bwana alikuwa mulevi. Anasema ni kosa yake mwenyewe.”

Wenzangu wa shule wakacheka, wakapiga miguu chini. Kisha kicheko kikafa. Mama Kalenga alikuwa amesimama. Hakunitazama, au labda alinitazama na mimi sikuona, maana kulikuwa na giza. Alipita katikati ya mabenchi, akasukuma blanketi la mlangoni, jua likaingia ghafla likafuta kila kitu kwenye shuka, na akatoka. Papa Mwepu akashusha bati. Akamwashiria mwendesha mashine. Mngurumo ukazima, na watu wakaanza kwenda nyumbani bila kuambiwa.

Nje nilimkuta mama yangu, Mama Ngalula, akiningoja. Hakunipiga. Nilijitetea kwamba nilisema kweli tupu, na akaniuliza kweli gani hiyo inayovaa viatu ili imkanyage mjane. Papa Mwepu naye alitoka, bati kwapani. Alinisogelea nikadhani atanitukana, nami nilikwisha kuandaa jibu. Aliniambia maneno machache tu.

“Kabeya, Kifaransa unajua. Filme haujaiona.”

Akaenda zake. Mimi nikasema moyoni, huyu mzee ana wivu, hakusoma. Hivyo ndivyo ujana unavyosikia: sauti inaingia, maana inabaki nje inabisha hodi.

Kesho yake mama alinituma kwenda kuomba radhi kwa Mama Kalenga. Nilikwenda hadi kwenye ua wake, nikasikia anatwanga, nikarudi. Nikasema nitakwenda kesho. Kesho kulikuwa na mtihani. Keshokutwa nikasema amekwisha kusahau. Kisha nikapata nafasi Lubumbashi, kisha Ulaya, na ule ua ukazidi kuwa mbali kadiri miaka ilivyokwenda. Maji yakimwagika hayazoleki, ndiyo, lakini mwenye kumwaga angalau huchukua kitambaa akapangusa sakafu. Mimi sikuchukua.

Na ubaya haukuishia pale. Wenzangu waliona utamu. Kila Jumapili kukawa na mjuaji anayemsahihisha Papa Mwepu kutoka nyuma. Haukupita hata msimu mmoja wa mvua akaliweka bati chini. Filamu zikaendelea kwa Kifaransa kitupu, akina mama wakaacha kuja, na mabenchi ya mbele yakawa ya paka. Mimi ndiye niliyefungua mlango huo, na sikuwa na ufunguo wa kuufunga.

Sasa nikupeleke Ubelgiji. Nilipokwisha kuwa mtu mwenye kazi na mshahara, nilishikwa na hamu ya filamu zile za utotoni. Mtu akiwa mbali hutamani vitu vya ajabu. Wengine hutamani sombe, mboga ya majani ya muhogo, na mimi nilitamani sombe na wapanda farasi pia. Nilizitafuta kwenye masoko ya vitu vya zamani, nikazileta nyumbani moja moja. Ipo moja niliyoipenda kupita zote, na ndani yake nilikumbuka jambazi, kabla ya kufa, akilia kwamba hakurudi kula bukari, ugali wa mama yake. Niliitazama mara mbili. Sehemu ile haimo. Jambazi anapigwa risasi, anaanguka, basi, hasemi hata neno. Nikaitafuta nyingine, ambayo farasi anaombwa msamaha. Haimo. Ndipo nilipotambua kwamba nusu ya filamu nilizozipenda maishani hazikutengenezwa na wazungu. Zilitengenezwa Panda, na dereva wa kreni, alasiri ya Jumapili.

Nilicheka siku ile. Mara ya pili sikucheka.

Katika mji niliokaa kulikuwa na jumba dogo la sinema lililoonyesha filamu za zamani kila Alhamisi mchana, hasa kwa wastaafu. Waliziita kazi kubwa za zamani, zimesafishwa, mikwaruzo imefutwa. Siku moja niliingia kukwepa mvua. Taa zikazimika, na kwenye pazia nikaona kofia, mabehewa, nyuso zenye masizi. Nikajua mara moja. Nilitaka kutoka, nikashindwa kwa kuwa nilikuwa nimekaa katikati ya safu na bibi wawili wamelala pande zote mbili.

Shimo likaporomoka. Mwanamke akasimama kwenye matope. Mkubwa wa kazi akasema yale yale maneno, na niliyasikia wazi vile vile kama zamani. Nilikuwa sijakosea hata silabi. Kwa mara ya kwanza jambo hilo halikunifurahisha. Kisha filamu ikaendelea, na nikakumbuka kwamba kutoka hapo sikuijua, kwa sababu mimi ndiye niliyeikatiza.

Baada ya nusu saa, mwanamke yule yuko jikoni kwake. Anabisha hodi mchimbaji aliyefanya kazi na mumewe, mkono umefungwa bendeji. Anakaa, anashindwa kuanza, mwisho anasema. Mkubwa alidanganya. Miti iliyoshikilia shimo ilikuwa imeoza na mkubwa alionywa. Mumeo hakuwa amekunywa kitu. Aliuweka mti juu ya mabega yake, akatuambia tutoke, nasi tukatoka.

Unaona, mwanangu? Papa Mwepu hakudanganya. Alikuwa ameiona filamu yote Jumamosi, peke yake, hadi mwisho. Alijua kweli iko wapi, na alijua nani amekaa benchi la tatu. Akaichukua ile kweli kutoka jikoni kule mwishoni, akaileta mbele hadi langoni, ili mjane asikae na uongo ule nusu saa nzima akingoja usafishwe. Nusu saa tu alitaka kumpunguzia. Na mimi, Kamusi, niliyejua kila neno la sentensi moja, nilimrudishia.

Taa ziliwashwa, wale bibi wakaamka, mimi nikabaki nimekaa. Nilipiga simu nyumbani siku ile ile kumwulizia Papa Mwepu. Nikaambiwa alifariki miaka mingi iliyopita, na bati lake halijulikani lilikokwenda. Nikamwulizia Mama Kalenga. Nikaambiwa yupo, amezeeka, yuko Panda pale pale. Nikanunua diski ya filamu ile. Halafu nikakaa nayo miaka sita. Ndiyo, sita. Nilikuwa na diploma mbili, nilikuwa nimewasimamia watu weupe arobaini kazini, na nilimwogopa mama mmoja wa Panda. Nilichokiogopa ni hiki: kwamba ameishi miaka yote hiyo na sentensi yangu, bila kupata ile ya jikoni.

Niliporudi Likasi nilijenga nyumba kwanza, nikafunga mitambo, nikapokea wageni wa kunipongeza. Visingizio vilipokwisha, nikaenda.

Nilimkuta uani kwake akianika samaki wadogo juu ya ungo, mjukuu wake wa kike, Odette, msichana mkubwa, akifukuza kuku. Nikasalimu kwa heshima, nikajitambulisha kwa jina la mama yangu kama inavyopasa. Akanitazama tangu viatu hadi kichwa.

“Kabeya wa Ngalula,” akasema. “Ule wa Kifaransa.”

Moyo wangu ulishuka hadi kwenye viatu alivyokuwa akivitazama. Nilikuwa nimeandaa hotuba nzuri, yenye mwanzo na mwisho, nikaianza. Hakuniacha nifike mbali. Alinyoosha mkono wenye magamba ya samaki.

“Ngoja. Uko na ile filme, ao hauko nayo?”

Nikasema ninayo.

“Basi leta filme kwanza. Maneno yako itakuja nyuma.”

Jumapili iliyofuata, baada ya misa ya pili, tuliziba madirisha ya ukumbi wa parokia kwa mifuko ya sandarusi. Nilileta mashine yangu ya kurusha picha, spika zangu, na betri zangu, maana sikutaka kuaibishwa na umeme wa serikali. Walikuja vijana wengi kwa udadisi, na wazee wachache waliokumbuka. Mama Kalenga aliletwa na Odette akakalishwa mbele kabisa. Mimi nikasimama kushoto kwa pazia. Sikuwa na bati, nilikuwa na kipaza sauti cha kisasa kisichotumia waya, cha bei.

Niliisema filamu kwa Kiswahili chetu. Mwanzoni nilikuwa mhandisi anayesoma ripoti, vijana wakaanza kutazama simu zao. Kidogo kidogo ulimi ukalegea. Nilimpa mchimbaji jina la kwetu. Nikaonya watu juu ya yule mwenye koti refu. Simu zikashuka.

Tukafika langoni. Nilikuwa nimekata shauri tangu nyumbani kwamba nitasema kama Papa Mwepu alivyosema, nilete maneno ya jikoni mbele. Nilisimamisha picha. Mdomo ukafunguka, na hakuna kilichotoka. Kutoka benchi la mbele ikaja sauti kavu ya kizee.

“Sema vile ule chefu anasema, Kabeya. Ile siku haukuogopaka.”

Watu wakacheka, na mimi nikasema. Nilisema neno kwa neno: mlevi, kosa lake, alijitakia. Nikaachia picha iendelee. Nimefanya mitihani migumu, mwanangu, ya kuandika na ya kusimama mbele ya maprofesa watano waliotaka nianguke. Hakuna hata mmoja uliofikia nusu saa ile. Nilisimulia huku nikimtazama kisogo, kitambaa chake cha kichwa hakikutikisika.

Hatimaye hodi ikabishwa jikoni. Nilisimulia sehemu ile taratibu kuliko zote, na maneno niliyotumia hayakuwa yangu. Alishika muti ya mugodi na mabega yake, benzake bakatoka. Nyuma ya ukumbi mtu alikuwa akilia. Filamu ikaisha, Odette akaondoa mfuko mmoja dirishani, mwanga ukaingia.

Nilipiga magoti kwenye saruji mbele ya wote, na suruali yangu ilikuwa nzuri. Nikasema nilimkosea mbele za watu, kwa hiyo namwomba radhi mbele za watu, mimi Kabeya mwana wa Ngalula. Nikasema kwamba nilimwachia uongo na sikurudi kumletea kweli, na leo nimeileta nikiwa nimechelewa.

Kisha nikaona mabega ya Mama Kalenga yanatikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

“Weye ulifikiri minye nilitokaka juu ya maneno yako?” akaniuliza. “Bwana yangu hakukunywaka hata munkoyo ile laini ya mahindi, ilikuwa inamupatia tumbo. Minye mukewe nisijue? Nilitokaka juu nisikupige mbele ya mama yako.”

Ukumbi mzima uliangua kicheko, hadi padri. Mimi pia nilicheka, nikiwa bado nimepiga magoti.

Kicheko kilipopungua, Mama Kalenga akasema kwamba jioni ya Jumapili ile ya zamani Papa Mwepu alifika nyumbani kwake pamoja na mkewe, wakaleta maharage. Akaketi kwenye kigoda karibu na moto, akamsimulia filamu iliyobaki yote, hadi jikoni, hadi mwisho, bila shuka na bila mashine. Alifanya hata sauti ya mlango. Kwa hiyo mwisho wa filamu alikuwa nao miaka yote hiyo. Mimi niliyekaa nao miaka sita nikidhani ninambebea, nilikuwa nimebeba mzigo mtupu.

Nilimwuliza, basi kwa nini alitaka niilete.

“Juu ya kuona kama Mwepu alinidanganyaka,” akasema. “Alikuwa muntu ya huruma, na muntu ya huruma anaweza kukudanganya. Miaka yote hii nilikuwa ninajiuliza.” Akageukia pazia, ambalo sasa lilikuwa tupu. “Hakunidanganya.”

Alisema hivyo mara mbili. Akaninyooshea mkono nimsaidie kuinuka, na hivyo ndivyo nilivyojua kwamba nimesamehewa. Mlangoni akaniambia kwamba Papa Mwepu alisema juu yangu jioni ile kwamba mtoto wa Ngalula ana masikio mazuri, akipata subira atakuwa mtu. Akaniuliza kama nimeipata. Nikamjibu kwamba diploma nimepata mbili. Akasema hakuniuliza hiyo.

Siku ile nililala alasiri nzima, usingizi wa mtoto aliyemaliza kunyonya.

Sitakuficha kwamba kuna kipande ambacho hakikurudi. Papa Mwepu hakunisikia nikisema samahani, na ukumbi wa akina mama wenye karanga sikuweza kuufufua kwa spika zangu. Nilichofanya ni kidogo: kila Jumapili ya kwanza ya mwezi tunaonyesha filamu moja ya zamani, na Odette ndiye anayeisema. Ana ulimi mzuri kuliko wangu, nami hukiri hilo kwa shida. Kila Jumamosi inayotangulia huja kwangu, ninamwonyesha filamu yote peke yake, tangu mwanzo hadi mwisho, kabla hajafungua mdomo.

Basi shika haya, mwanangu, maana sikuyapata shuleni na nililipia kwa miaka. Soma, soma sana, upate diploma nyingi kuliko zangu ukiweza, na uzitundike ukutani bila haya. Lakini unapojua neno ambalo wenzako hawalijui, kabla ya kusimama jiulize umeona kiasi gani cha jambo lenyewe, na jiulize nani amekaa karibu atakayeangukiwa na neno hilo. Mzee asiyesoma akisema tofauti na kitabu, usifanye haraka kumwita mwongo. Huenda ameona mwisho ambao wewe hujaufikia. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Na ukijikwaa ulimi, kama nilivyojikwaa mimi, nenda leo. Usingoje hotuba ikamilike. Nenda na maneno mabovu, nenda ukiwa na matope miguuni, bisha hodi. Aliyekosewa anaweza kuwa amekwisha kukusamehe zamani, na wewe tu ndiye unayezunguka dunia na gunia tupu kichwani.

Mwenyezi Mungu akupe akili inayopita ya baba yako, na moyo usiopungua wa mama yako. Akuweke kati ya watu watakaokunyamazisha kwa upendo. Akupe umri wa kutosha kukosea, na umri mwingine juu yake wa kutengeneza. Na popote atakapokupeleka, akurudishe Likasi ukiwa mzima, ukute bado yupo wa kukuita kwa jina la mama yako. Amina.